Mazda MX-5 ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuitunza na kuiboresha

Majibu haya yanahusu MX-5 za vizazi viwili vya mwanzo. Kuna NA ya 1989 hadi 1997, ile yenye taa zinazoinuka, na NB ya 1998 hadi 2005, ambayo taa zake zimetulia mahali pake. Wengine wanaiita Miata, na zile zilizouzwa Japani zilianza kwa jina la Eunos Roadster. Gari ni lilelile. Mimi ninayo NA yenye injini ya lita 1.6 kwa miaka mingi sasa, na mengi ya hapa chini nimeyajua nikiwa chini ya gari nimelala chali.

Nimelinunua juzi. Nianze kubadilisha nini?

Usibadilishe chochote bado. Kwanza lirudishe gari kwenye uzima wake. Badilisha vimiminika vyote, yaani oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, mafuta ya breki na ya klachi, pamoja na maji ya rejeta. Weka plagi mpya na waya zake, filta ya hewa na ya petroli. Kama hakuna karatasi inayoonyesha mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukimaliza hapo, angalia bushi, boljoint, shokapu na umri wa matairi.

Nasisitiza hili kwa sababu nililipuuza. Gari langu lilikuwa likiingia kwenye kona yenye mabonde linarusha nyuma, kama linataka kunitangulia. Nikaamini springi zimechoka, nikafunga springi fupi na ngumu. Likazidi kuwa baya. Nilipolala chini na kutia bisibisi nene kwenye mikono ya magurudumu ya nyuma, ile ambayo mafundi huiita amu, bushi mbili zilikuwa zimepasuka mpaka chuma kinagusana na chuma. Nikarudisha springi za kiwandani, nikafunga bushi mpya na kupima alaimenti, na kwa mara ya kwanza nikaliendesha gari nililokuwa nimelinunua. Springi zile fupi sikuzirudisha tena. Sikuwa na sababu.

Liendeshe hivyo likiwa zima, mwezi au miwili. Hapo ndipo utajua unachotaka kukibadilisha ni kitu gani hasa.

"Krenkishafti ya pua fupi" ni nini, na nitajuaje kama ninayo?

Injini za 1.6 za mwanzo kabisa, mpaka mwaka 1991, zilitoka na krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ambayo ncha yake ya mbele ni fupi. Puli hukaa kwenye ncha hiyo ikishikwa na boliti moja na kii ndogo ya chuma. Boliti isipokazwa vizuri, kwa mfano baada ya fundi kubadilisha mkanda wa taimingi, puli huanza kucheza kidogo kidogo, kii inaliwa, mfereji wake kwenye krenkishafti unapanuka, na taimingi inahama. Dalili ni gari kupoteza nguvu polepole, na puli kuyumba ukiitazama injini ikiwa inaunguruma.

Kuitambua ni rahisi. Tazama puli kwa mbele, hesabu mianya iliyoizunguka boliti ya katikati. Ikiwa minne, una pua fupi. Ikiwa minane, una ile ndefu iliyorekebishwa.

Pua fupi si hukumu ya kifo. Ziko nyingi zinazotembea hadi leo bila shida. Unachotakiwa ni kuhakikisha kwamba kila inapofunguliwa inafungwa kwa boliti mpya, kii mpya inayokaa bila kucheza, na mkazo unaotajwa kwenye kitabu cha gari, ukipimwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Fundi anayekwambia mkono wake unatosha, mshukuru na umzuie. Kama mfereji umeshaanza kuliwa, wapo waliookoa injini kwa kujaza nafasi ile kwa gundi maalumu ya kushikia vyuma, lakini ukishafika hapo anza pia kutafuta krenkishafti ya pua ndefu.

Mkanda wa taimingi unabadilishwa lini? Ukikatika je?

Kila kilomita 100,000 hivi. Gari lililokaa sana bila kutembea usilihesabie kilomita peke yake, maana mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Habari njema ni kwamba kwenye injini ya 1.6 mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Gari litazima na kukuacha barabarani, lakini injini haitavunjika.

Kazi ikishafunguliwa, badilisha pamoja tensha, puli yake ya pembeni, pampu ya maji, na sili za mbele za krenkishafti na kamshafti. Vipuri hivyo si vikubwa. Kinachochosha ni kufungua mbele yote ya injini, na hakuna anayependa kuifungua mara mbili.

Oili gani, na baada ya kilomita ngapi?

10W-30 inatosha kwa hali nyingi, na 10W-40 pale penye joto kali au injini iliyochoka kidogo. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, au mara moja kwa mwaka kama sijazifikisha. Kwa gari linalopelekwa uwanjani, yaani kwenye uwanja wa mbio, punguza zaidi.

Filta ya oili imefichwa chini ya manifoldi ya kuvutia hewa, upande wa kulia wa injini, na kila anayeigusa kwa mara ya kwanza hulalamika. Liinue gari mbele, geuza usukani, kisha pitisha mkono kutokea kwenye gurudumu la mbele la kulia. Subiri injini ipoe. Ukiilegeza filta, oili itateremka hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo weka kitambaa mapema. Na baada ya kuitoa, papasa mahali pake uhakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda pale. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote itamwagika chini ndani ya dakika chache.

Injini inapiga tik tik juu. Inakufa?

Kwenye NA, karibu kila mara ni tapeti za oili, zile zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya oili. Oili chafu, au gari kukaa muda mrefu, huzifanya zishindwe kujaa vizuri. Kelele ikitoweka injini ikipata moto, acha wasiwasi, badilisha oili na liendeshe safari ndefu. Ikiendelea hata moto, tapeti zinaweza kutolewa na kusafishwa moja moja. NB haina tapeti za aina hii, kwa hiyo kelele kama hiyo kwenye NB ni suala jingine na inabidi ipimwe nafasi ya valvu.

Zulia limelowa nyuma ya viti. Maji yanapita wapi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mwenye gari hili aliulize kabla hajaona maji.

Paa la turubai limefungwa kwa nyuma kwenye mkanda wa plastiki unaokusanya maji ya mvua na kuyapeleka pembe mbili, kushoto na kulia, nyuma ya minara ya mikanda ya viti. Kila pembe ina tundu, na tundu lina bomba linaloshuka ndani ya bodi na kutokea chini, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Majani, vumbi na nyuzi za turubai huingia humo miaka nenda rudi. Bomba likiziba, maji hupanda, hufurika, na kushuka ndani ya kizingiti cha mlango, mahali ambapo huwezi kuyaona wala kuyafikia. Chuma kinaoza kuanzia ndani. Siku utakapoona vipovu vya kutu mbele ya gurudumu la nyuma, ujue kazi imeanza zamani.

Zibua mara mbili kwa mwaka. Usitumie waya, utatoboa bomba. Tumia mkanda mrefu wa plastiki wa kufungia nyaya au mpira mwembamba, usukume polepole huku ukizungusha. Kisha mimina maji nusu kikombe na uinamie chini kutazama. Mara ya kwanza nilipofanya, upande wa kulia ulitoa maji safi papo hapo. Wa kushoto haukutoa kitu. Nikasukuma tena, nikasikia kitu kimeachia, na tope jeusi lenye harufu ya dimbwi likamwagika sakafuni, likifuatwa na maji ya mvua zilizonyesha wiki kadhaa nyuma. Maji hayo yote yalikuwa yamelala ndani ya bodi ya gari langu.

Unaponunua, bonyeza kizingiti kwa kidole gumba mbele ya gurudumu la nyuma na uchungulie chini kwa tochi. Rangi mpya sehemu hiyo tu, wakati gari lote limefifia, inataka maelezo. Kwa NB ongeza ukaguzi wa reli mbili za sasi za mbele, chini ya injini. Nazo huoza, hasa kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani.

Gari linachemsha. Rejeta au injini?

Anza na rejeta. Tangi lake la juu ni la plastiki nyeusi. Likigeuka rangi ya kahawia, plastiki imeshapikika na inakaribia kupasuka. Usilisubiri, libadilishe. Baada ya hapo angalia thamostati, kofia ya rejeta, mipira, na kama feni zinawaka.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo mwenye kutaka kuongeza nguvu lazima alijue. Injini hii ilitokana na ukoo wa injini zilizolala kwa upana kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Ilipogeuzwa kukaa kwa urefu, njia ya maji kutokea kwenye silinda hedi iliwekwa mbele, upande uleule ilipo pampu. Matokeo yake, maji mengi huzunguka mbele, na silinda ya nne, iliyo nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini, hupata joto zaidi ya zenzake. Kwa gari la kawaida haina neno. Kwa gari lenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, au linalokimbia uwanjani kwa dakika ishirini mfululizo, watu huhamisha njia ya maji yatokee nyuma ya hedi. Ni kati ya maboresho machache ambayo huyaoni wala huyasikii, lakini injini inayapenda.

Kuna oili nyuma ya injini, inateremkia giaboksi. Ni sili ya krenkishafti?

Huenda si hiyo. Kabla hujashusha giaboksi, papasa nyuma ya silinda hedi, mahali pa sensa inayosoma mzunguko wa kamshafti kwenye NA. Ina mpira wa duara ambao ukikauka huachia oili, na oili hiyo hushuka mpaka kwenye kengele ya giaboksi, yaani kasha lake la mbele, ikidanganya kwamba imetoka chini. Kampira kenyewe ni kadogo kuliko pete ya kidole gumba. Oili ile huangukia pia mipira ya maji ya hita iliyo chini yake na kuilainisha, kwa hiyo ibinye uone kama imevimba.

Weka alama ya sensa kabla ya kuifungua, vinginevyo utapoteza taimingi ya moto.

Pedali ya klachi imezama ghafla.

Silinda ya chini ya klachi, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi. Ni ugonjwa wa magari haya yote. Vua mpira wake, ukikuta umajimaji ndani, badilisha, kisha toa upepo. Ya juu ikague wakati huohuo.

Gia ya pili inakataa asubuhi.

Baridi huifanya nzito, na kwa kiasi fulani hiyo ni kawaida ya giaboksi hii ya gia tano. Oili ya 75W-90 ya daraja la GL-4 husaidia sana. Kemikali za kinga kwenye baadhi ya oili za GL-5 si rafiki wa shaba iliyo kwenye sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia. Usiilazimishe gia kwa nguvu. Endesha polepole kilomita mbili tatu za mwanzo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba shina la rungu la gia lina kikombe chake chenye oili kidogo, kimetengwa na oili ya giaboksi. Oili hiyo hukauka, na mipira inayolifunika huchanika. Ukisikia joto na kelele vinapanda kutokea kwenye rungu la gia, fungua hapo. Ni kazi ya mchana mmoja, na rungu linarudi kuingia kwa ule mguso mfupi ulioifanya gari hii isifiwe.

Naweza kufunga betri yoyote?

Hapana. Betri inakaa ndani ya buti. Ile ya kiwandani imefungwa na ina mirija ya kutoa gesi nje. Betri ya kawaida itapumua tindikali humo ndani na kuozesha sakafu ya buti. Nunua iliyofungwa, na uunganishe mirija yake.

Breki: niweke kubwa?

Kwa barabara za kawaida, hapana. Gari hili la mwanzo lilikuwa chini ya kilo 1,000, na breki zake zikiwa zima zinalitosha. Ukweli ni kwamba breki nyingi "dhaifu" nilizoonyeshwa zilikuwa na mafuta ya breki ya miaka mingi. Mafuta hayo hunyonya unyevu. DOT 4 mpya huanza kuchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa hushuka mpaka 155. Ukishuka mlima mrefu na mafuta ya aina hiyo, pedali italainika chini ya mguu wako. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na kila msimu kama unakwenda uwanjani. DOT 3, 4 na 5.1 ni jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo.

Ukihitaji zaidi, anza na padi bora. Baada ya hapo ndipo diski. 1.6 ina diski za mbele za milimita 235, 1.8 ina za 255, na za 1.8 huingia kwenye 1.6 ukihamisha na mabano yake.

Tahadhari moja kwa anayebadilisha padi za nyuma kwenye NA: usiisukume pistoni kwa kibano. Nyuma ya kalipa kuna boliti ndogo, na ukiifungua utaona tundu la alenki ya milimita 4. Pistoni inarudishwa kwa kuzungusha hapo, kwa sababu imeunganishwa na breki ya mkono. Nimeona kalipa zilizoharibiwa na mtu mwenye nguvu na nia njema.

Rimu na matairi yapi yanafaa?

Matundu manne kwa mduara wa milimita 100, tundu la kati milimita 54.1. NA ilitoka na matairi ya 185/60R14, ofseti ya 45, na upepo wa psi 26. Ndiyo, 26. Mtu wa kujaza upepo atakushangaa na kukuongezea hadi 35 akidhani anakufanyia hisani. Gari ni jepesi, na kwa presha kubwa linadunda na kuteleza.

Kila gramu unayoongeza kwenye gurudumu, shokapu inabidi iibebe kwa kila bonde. Rimu za inchi 17 hupendeza likiwa limesimama. Nachagua za 15 nyepesi, zenye matairi mazuri. Na soma tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye mistari mizuri lakini lina miaka kumi ni gumu kama ubao, na kwa gari linalosukumwa nyuma, kwenye mvua, hilo ni hatari ya kweli.

Nataka kulishusha. Kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotamani. Nafasi ya shokapu kusafiri kwenye NA ni fupi tangu kiwandani. Ukilishusha sana, shokapu inakuwa imelalia mpira wake wa mwisho muda wote, na unachokihisi kama "ugumu wa michezo" ni gari lisilo na springi tena. Linaruka juu ya bonde katikati ya kona, na tairi linaloruka halishiki barabara. Ukishusha, funga shokapu zinazolingana na springi.

Baada ya hapo pima alaimenti ya magurudumu yote manne. Hapa gari hili ni la kipekee kwa mwenye kupenda. Mlalo wa gurudumu na uelekeo wake vinarekebishika mbele na nyuma, na isipokuwa uelekeo wa mbele, kazi hiyo hufanywa kwa boliti zenye duara lisilo na kitovu cha katikati. Utofauti wa sehemu ndogo ya digrii utauhisi mikononi. Boliti hizo hushika kutu, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla, usiku baada ya usiku, la sivyo fundi wa alaimenti atarekebisha uelekeo wa mbele tu na kukupa karatasi.

Nataka nguvu zaidi.

1.6 ilitoka na nguvu farasi 115 hivi, na 1.8 iliyokuja 1993 iliongeza kama 15. Waliolibuni walikuwa na neno la Kijapani, *jinba ittai*, mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja, na uzito mdogo ulikuwa na thamani kwao kuliko farasi wengi. Sisemi usiongeze. Nasema ujue unaongeza kwenye mizani iliyopangwa.

Filta ya hewa ya wazi inaongeza sauti zaidi ya nguvu, na ikivuta hewa ya moto ya injini inaweza hata kupunguza. Eksozi nzuri inapunguza uzito na kutoa sauti nzuri, farasi wachache tu. Kwenye NA kuna zoezi la taimingi ya moto ambalo halihitaji kipuri. Injini ikiwa ya moto, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwa waya mfupi kwenye kisanduku cha uchunguzi, unamulika puli kwa taa ya taimingi, unalegeza boliti ya sensa nyuma ya hedi na kuizungusha kidogo kidogo. Kiwandani ni digrii 10 kabla pistoni haijafika kilele. Wengi huipeleka 14, nami ndivyo nilivyofanya, na gari likaamka chini kwenye mizunguko midogo. Sharti lake ni petroli yenye okteni ya juu zaidi. Ukisikia mlio kama changarawe kwenye kopo unapokanyaga mafuta ukipanda kilima, rudisha nyuma siku hiyohiyo. NB hairekebishwi hivi.

Ukitaka tabo, anza kupanga kutokea mwisho kurudi mwanzo. Difu ya 1.6 ni ndogo na itakuwa ya kwanza kulalamika, kwa hiyo wengi huifunga ya 1.8. Fuata na klachi. Halafu maji, kama nilivyoeleza juu. Halafu kompyuta ya injini inayoweza kupangwa na injekta zinazotosha, pamoja na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli ambayo utaitazama kwa macho yako. Tabo lenyewe liwe la mwisho. Injini hizi hazifi kwa sababu ya tabo. Zinakufa kwa kukosa petroli ya kutosha wakati tabo linasukuma hewa, pistoni zikayeyuka, au kwa msukumo mkubwa kwenye mizunguko ya chini unaopinda koni rodi. Ukipata mtu wa kuipanga, mwambie waziwazi unataka injini idumu. Tofauti ya farasi ishirini kwenye karatasi huwezi kuihisi barabarani, na ndiyo inayovunja.

Rolibaa ni ya lazima?

Kwa uwanjani, ndiyo, bila mjadala. Fremu ya kioo cha mbele si ya kuubeba uzito wa gari likipinduka. Lakini rolibaa, ule upinde wa chuma nyuma ya viti, iko karibu sana na kichwa chako, kwa hiyo ivishwe sponji ngumu ya kazi hiyo, na ukae huku kichwa kiko chini ya mstari unaotoka juu ya rolibaa hadi juu ya kioo. Usifunge mikanda ya pointi nne au zaidi kwenye gari lisilo na rolibaa. Mkanda wa kawaida hukuacha uiname. Ule wa pointi nyingi hukushikilia wima, kichwa kikiwa ndicho nguzo.

Nifanye mwenyewe au nimpe fundi?

Mengi unaweza mwenyewe, na gari hili hufundisha vizuri kwa sababu vitu vinaonekana. Jeki iweke katikati chini ya kasha la difu kwa nyuma, na kwenye mhimili mkuu wa mbele kwa mbele, kisha liegemeze juu ya stendi kabla hujaingiza hata mkono. Ile fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu isiguswe na jeki kabisa, ingawa inaonekana imara. Ukiipinda umepinda uti wa mgongo. Nati za magurudumu ni nyutoni mita 88 hadi 118. Zikaze kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limegusa chini.

Usukani wenye mfuko wa hewa, tumbo la injini, na kulehemu kizingiti, mpe anayejua, na ukae pale ukiangalia.

Dirisha la nyuma la plastiki limepasuka.

Fungua zipu yake kabla ya kukunja paa, kila mara, hasa hali ya hewa ikiwa baridi. Ukibadilisha paa, la kioo la NB linaingia kwenye NA.

Taa moja imegoma kuinuka, ni usiku.

Zima taa na uondoe ufunguo. Fungua boneti na uchomoe fyuzi ya mota za taa, usije ukabanwa vidole. Kwenye mota ya taa kuna kitufe cha kuzungusha kilichofunikwa kwa kofia ya mpira. Zungusha kwa mkono mpaka taa isimame juu, kisha uwashe na uende nyumbani.

Vipuri vya kiwandani nilivyovitoa, nivitupe?

Usitupe hata nati. Usukani wa asili, rimu, redio, springi, hata filta ya hewa na kasha lake, vyote hivyo vimekuwa adimu, na siku ya kutafuta chanzo cha kelele au kupitisha ukaguzi utavihitaji. Vifute, vipake oili nyepesi kwenye chuma kilicho wazi, boliti zake zitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye kipuri chenyewe kwa waya, siyo kwenye kopo la boliti mchanganyiko. Andika juu yake tarehe na kilomita ulizokitolea.